Krimu ya Mkwe

Mkunga alipostaafu alihamia kwa mwanawe wa kiume wa pekee, na kwa miezi saba yeye na mkwewe waliishi kwa adabu ya wageni. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, umelalaje?" Baada ya hapo mkwe anarudi kwenye cherehani yake sebuleni, na mama anajitafutia kazi, hata kufua mapazia yaliyofuliwa juzi.

Kisha ikaja simu. Shoga yake wa tangu chuo cha ukunga, ambaye walipoteana miaka ishirini, angekuja kumsalimia Jumapili ya wiki iliyofuata. Mama alifurahi mpaka akaimba jikoni. Halafu akajitazama kwenye kioo cha bafuni, na wimbo ukaisha. Kwenye rafu palikuwa na tyubu ndogo ya mkwewe: krimu ya retinoidi, kwa chunusi na makunyanzi. Chunusi hakuwa nazo.

Akawa anapaka asubuhi na usiku, bila kubania, kama anayempaka mtoto mafuta baada ya kumwogesha. Siku ya nne uso ukawaka moto. Akadhani dawa inafanya kazi, akaongeza. Siku ya sita mashavu yalikuwa yameiva, ngozi inabanduka puani, na hata chai ikimgusa mdomo anaruka.

"Mama, uso umepatwa na nini?" mkwe aliuliza.

"Mbu."

"Mbu gani hao wanaobandua watu ngozi?"

Mama akatazama pembeni. Mkwe akaenda bafuni, akarudi na tyubu iliyokamuliwa hadi shingoni. Mama akajiandaa kusemwa. Lakini mkwe alivuta kiti, akakaa karibu naye kuliko alivyowahi kukaa.

"Hata mimi nilijiunguza hivyohivyo. Mfamasia alinicheka mpaka akavua miwani."

Akamwosha kwa maji ya baridi bila sabuni, akamkausha kwa kumgusagusa na taulo, akampaka mafuta mazito yasiyo na manukato. "Hii tunaiacha kabisa mpaka upone," alisema. Mama alikuwa amefumba macho. Hakukumbuka mara ya mwisho mtu kumshika uso.

Jumapili mabaka yalikuwa bado yapo. Mama alitaka kusingizia homa, mkwe akamkatalia. Shoga aliingia na mkongojo, akamkumbatia, akampima kwa macho. "Wewe! Hujabadilika hata kidogo!"

"Vaa miwani kwanza," mama akamwambia, na walicheka mpaka wote wawili wakashika mbavu.

Ngozi ilipona baada ya wiki tatu. Jioni moja ya Jumatatu mkwe aligonga mlango wa chumba cha mama, ameshika tyubu mpya.

"Sasa tuanze vizuri. Jumatatu na Alhamisi tu, usiku. Ngozi ikizoea tutaongeza. Umeshanawa uso?"

"Nimenawa, umekauka."

"Paka mafuta laini kwanza. Sasa krimu, kiasi cha punje ya njegere."

Mama akakamua. "Hiki kwa shavu moja?"

"Kwa uso mzima. Macho na midomo usiguse. Asubuhi unapaka mafuta ya kukinga jua, hata kukiwa na mawingu. Na usihesabu siku, hesabu miezi."

"Nipake wewe, basi. Una mkono mwepesi."

Mkwe akarudisha mikono nyuma. "Paka mwenyewe, mama. Mimi siigusi siku hizi. Niliiacha tangu mwezi juzi."

"Kwa nini? Si ilikupenda sana?"

Mkwe akatazama sakafu. "Mfamasia alisema haifai kwa... kwa mtu aliye hivi nilivyo."

Kidole cha mama kikasimama hewani, na krimu yake juu. Wanawake wangapi alikuwa amewazalisha! Na wa nyumbani mwake alimpita hivihivi, mbele ya macho.

"Miezi mingapi?"

"Miwili na nusu. Nilitaka kukwambia, mama. Nikaogopa, kwa sababu mara ile..."

Mara ile mimba ilipoharibika, mama alizipata habari kwa simu, akiwa zamu, mbali, hana la kufanya ila kukaa kwenye benchi la wodi na kulia.

Aliinuka, akaenda kwenye beseni, akanawa kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, taratibu, kama alivyonawa kabla ya kumzalisha kila mzazi. Akajikausha vidole kimoja kimoja. Kisha ndipo akarudi, akapiga magoti mbele ya mkwewe na kumshika mikono yote miwili.

"Safari hii nipo," alisema.