Masurufu ya Eufemia

Maji ya kwenye bilauri yalikuwa yamepungua tena. Nicolasa aliyatazama, akatabasamu peke yake. Siku nane marehemu dada yake alikuwa akija kuyanywa, na yeye kila jioni akimjazia, kama mtu mwenye mgeni ambaye hataki aondoke.

Lakini sasa ilikuwa alfajiri ya siku ya tisa. Kwa watu wa mto Atrato, alfajiri hiyo meza ya marehemu, iliyowekewa mishumaa na bilauri ya maji, huvunjwa. Mishumaa huzimwa mmoja mmoja, kitambaa cheupe hukunjwa, na watu husimama pande mbili wakaacha njia hadi mlangoni, roho ipite iende zake. Isipoagwa hubaki ikizungukazunguka humo ndani, haina pa kulala.

Nicolasa alikuwa hajagusa hata mshumaa mmoja.

"Kunakucha, mwenzangu," alisema Hermelinda, jirani aliyeongoza sala. "Magoti yangu haya si ya chuma."

"Ngoja nimjazie maji kwanza. Hajanywa ya kutosha."

"Eh! Dada yako hakuwa na kiu hivyo hata alipokuwa hai!"

Watu waliokesha nao wakacheka, na humo humo wakalia. Miaka arobaini Eufemia alipokea wageni katika nyumba ya kulala wageni pale gatini. Alipika, alitandika vitanda, aliwajua watu kwa vishindo vyao ngazini. Mzee Abelardo, muuza vitambaa, akavua kofia.

"Mimi nilifika pale na homa, natetemeka. Nikamwambia, mama, sina nguvu hata ya kutaja jina langu. Akasema, jina litakuja ukishiba. Siku tatu ananinywesha supu ya samaki. Naondoka, huyo ananikimbilia mpaka kwenye mtumbwi na kifurushi: 'Unakwenda wapi na tumbo tupu, we mzee mkaidi?'"

"Nani alitoka kwake mikono mitupu?" akasema Hermelinda.

Ukungu wa mto ulikuwa umeingia chumbani, mishumaa ikawa kama taa za mitumbwi ya mbali. Ndani ya ukungu ule Nicolasa alisikia, au alidhani amesikia, ndara za dada yake zikiburuzika hadi mlangoni. Zikasimama. Kama mtu anayengoja kitu.

"Jamani," akanong'ona, "tunamuaga bila kumfungia chakula!"

Akaenda jikoni. Palikuwa na wali wa nazi, na kipande cha samaki aliyekaushwa kwa moshi. Akapitisha jani la mgomba juu ya makaa hadi likalegea, akafunga kama Eufemia alivyomfundisha, pembe zote nne kwa ndani. Akakiweka kifurushi kizingitini.

"Umetia ndizi?" akauliza Abelardo. "Yule hali bila ndizi."

"Mbili. Usimtamanie, mzee."

Kisha akarudi mezani, akazima mshumaa wa kwanza. Wa pili. Watu wakajibana ukutani, mlango ukabaki wazi. Alipozima wa mwisho, akageukia mlango.

"Nenda, dada. Ukifika, kaa chini. Safari hii upokewe wewe."

Harufu ya nazi ikapita katikati yao polepole, ikateremka kuelekea gatini. Nicolasa hakuifuata. Alibaki pale pale, akakunja kitambaa.