Robo ya Kidonge

Pale msibani walinong'ona kwamba kaka yangu aliogopa kufa. Waongo. Alichoogopa ni kutangulia.

Wifi alikuwa ameanza kupotea humo humo ndani ya nyumba. Mwalimu mstaafu, aliyefundisha nusu ya mtaa kusoma, sasa anavaa viatu vya mumewe na kuuliza jiko liko wapi. Hawakujaliwa watoto. Kaka, fundi saa, alizitazama mvi zake, akamtazama mkewe aliye mdogo kwake na mwenye moyo wenye nguvu, akapata jambo la kumkosesha usingizi.

"Nikienda mimi, huyu atabaki na nani?"

Ndipo akasikia redioni habari ya dawa ya watu waliopandikizwa figo, ile inayotuliza kinga ya mwili. Eti kuna watafiti wanaijaribu kwa dozi ndogo, wakitumaini itachelewesha uzee. Alimganda daktari mpaka akamwandikia. Nilikuwepo.

"Mzee, kwa mtu asiye mgonjwa hatujui bado kama inasaidia," daktari alimwambia. "Na ukipata kidonda au homa, acha dawa, njoo siku hiyo hiyo. Usiseme kesho."

"Nimekuelewa, mwanangu."

Kumbe alielewa kifundi. Alikuwa akikaa mezani kwake, lenzi jichoni, anakikata kidonge kwa wembe robo robo.

"Saa haimwagiwi mafuta, dada," alinieleza. "Unaigusa tu kwa ncha ya sindano."

"Kwani wewe ni saa? Basi jitundike ukutani tupumzike."

Wifi alicheka mpaka akasahau anacheka nini, akaendelea kwa sababu sisi tunacheka. Siku ile nilimpenda sana.

Halafu bisibisi ikamteleza, ikamchoma kidole gumba. Kitundu kidogo tu. Akakifunga kitambaa, akaendelea na kazi. Kidole kikavimba, homa ikapanda, na yeye bado anameza robo yake. Kwa akili yake ya ufundi, saa ikianza kuchelewa ndipo inapohitaji mafuta. Jirani alimsihi aende hospitali.

"Watanilaza," alimjibu. "Nani atamwangalia Mwalimu?"

Maneno hayo niliyapata kwa jirani, kaka akiwa tayari kitandani hospitalini, hajitambui, sumu imeshaingia kwenye damu. Nilimkasirikia, na mpaka leo sijamaliza. Mimi ni fundi cherehani, sina bosi wa kumwomba ruhusa. Angeniita ningefunga mlango nikaja na cherehani yangu kichwani. Hakuniita. Alikufa mchana, wifi amemshika ule mkono mzima.

Nikahamia kwao. Kila wifi alipouliza mumewe yuko wapi, nilimwambia ukweli, na kila mara alilia upya, kilio cha mtu anayepokea habari dakika hiyo. Nikashindwa. Nikaanza kumdanganya kwamba yuko kazini, na yeye akawa anatulia, anamwekea chakula pembeni.

Juzi nilikuwa namsuka, yeye chini, mimi kwenye kiti.

"Fundi wangu yuko wapi?"

"Kazini, wifi. Kuna saa ya mtu anaimalizia."

 Akageuka, nusu ya nywele zimesukwa na nusu zimetimka, akanikazia yale macho yake ya darasani.

"Usinifanye mtoto. Amekufa. Si nilimshika mkono?"

"Ndiyo, wifi. Amekufa."

Hakulia. Aliendelea kunitazama, anausoma uso wangu polepole kuanzia kwenye paji.

"Na wewe," akasema, "kati yangu mimi na wewe, nani mkubwa?"

"Mimi," nikamjibu. "Nakuzidi miaka."

"Mingi?"

"Mingi, wifi."

Akatikisa kichwa, kama mtu aliyepata jibu alilolitegemea, akageuka mwenyewe na kuniachia nywele. Nilitaka kumwambia nitakuwepo. Sikuweza kumdanganya tena, nikaendelea kusuka huku mabega yake yakitetemeka magotini kwangu.