Nyuzi za Mkono wa Kushoto

Kalondu aliingia kwa Mwalimu Waithira akiwa na kiburi kidogo, na tusimlaumu. Mtu aliyejifundisha mandolini mwenyewe, bila kitabu wala mwalimu, huku anafuma sweta za shule na kuuguza mume, ana haki ya kuringa. Kijijini kwao Mitaboni walijua anapiga. Taabu ilikuwa moja tu: akina mama wa kwaya aliyoipigia walipopandisha au kushusha sauti, yeye alibaki palepale kama mbuzi aliyefungwa kambani. Ndiyo maana Jumamosi moja ya mwaka 2001 akaja Machakos mjini kutafuta mwalimu.

Waithira alifundishia nyuma ya duka la mumewe la vifaa vya ujenzi, kati ya mabati na makopo ya rangi. Alikuwa mama wa makamo, mpole wa sura na mkali wa masikio.

"Nipigie ile unajua, Mama Nzilani," alisema.

Kalondu akapiga. Wimbo ulitoka safi, lakini Waithira alikuwa ameinama akitazama vidole.

"Hii wimbo ni tamu. Lakini mkono yako inatembea wapi? Waya nene iko chini, nyembamba iko juu. Nani alizipanga hivi?"

"Ni mandolini ya mzee. Yeye ni wa mkono ya kushoto."

"Na wewe?"

"Mimi ni wa kulia."

Waithira akacheka mpaka akafuta macho, kicheko kisicho na dharau. Akamwuliza maswali mawili matatu, na mambo yakajieleza. Miaka yote ya ndoa yao, jioni Kalondu alikaa akikunja sufu, na Ndunda, mumewe, akakaa mbele yake akipiga. Alichofanya Ndunda kwa mkono wa kulia, Kalondu alikiona upande wake wa kushoto, kama anayejitazama kwenye kioo. Alipoishika mandolini mwenyewe, akaishika kama watu wengi wanavyoishika. Ila nyuzi zilikuwa za mumewe. Kila wimbo alioujua, vidole vyake viliujua kichwa chini miguu juu.

"Umefanya kazi mara mbili ya mtu mwingine," Waithira alisema. "Lakini vile nitakufundisha kushika waya haiwezi kukaa hapa. Hizi waya lazima tugeuze. Niko na plaisi ya kuvuta waya hapo dukani, ni kazi kidogo tu."

Kalondu akaivuta mandolini kifuani. "Hapana, mwalimu. Wacha kwanza."

Na hapa lazima niseme, maana mwalimu hakuambiwa. Ndunda alizaliwa na mkono wa kushoto katika nyumba isiyoutaka. Akikupokeza chakula kwa huo mkono, hukipokei. Akimsalimu mzee kwa huo mkono, ni tusi. Shuleni walimpiga rula za vidole mpaka akaandika kwa kulia, mwandiko wa kuku anayechakura. Alipopata kazi kiwandani Athi River akanunua mandolini, na jambo la kwanza alilofanya ni kung'oa nyuzi zote na kuzigeuza. "Hii moja," alimwambia mkewe, "itanifuata mimi."

Kisha kiharusi kikaja kikamwacha na ulimi na akili zake, kikauchukua mkono uleule wa kushoto. Watu wote walisema utarudi, na Kalondu alisema kuliko wote. Kila asubuhi aliukanda kwa mafuta. Maadamu nyuzi zilikuwa kama Ndunda alivyoziacha, mandolini ilikuwa inamngoja mwenyewe. Kuzigeuza ni kumwambia mume wako usoni: hutapiga tena. Nani amwambie? Si yeye. Afadhali kwaya iimbe bila mandolini hadi siku ya kiama.

Alipofika nyumbani alimkuta Ndunda ameketi uani, mkono umelala mapajani.

"Mwalimu alisema nini?"

"Alisema niko sawa. Hakuna haja ya kurudi."

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Kalondu iliishia hapohapo uani.

"Na waya hakuziona?" Ndunda aliuliza.

Kalondu akaiegemeza mandolini ukutani, nyuzi zikitazama ukuta.

"Alisema zigeuzwe, sivyo? Mimi nimekuona toka siku ya kwanza unapiga hiyo kitu kichwa chini. Nilijua siku moja mtu atakuambia. Mimi singeweza. Ningekuambia hiyo, ningekuwa nimesema na ile ingine." Akautazama mkono wake, akamtazama mkewe. "Lete plaisi, Mama Nzilani."

"Baba Nzilani, mkono itarudi."

"Ikirudi, utaniazima mandolini yako."

Kalondu akalia. Hakujificha jikoni wala hakusingizia moshi. Alilia akiwa amesimama mbele ya mumewe, na Ndunda akamwacha alie. Kisha Kalondu akaenda kuleta plaisi.

Alishika mandolini ikatulia, na Ndunda akalegeza nyuzi kwa mkono wa kulia, mmoja mmoja, bila haraka. Mahali palipohitaji mikono miwili walitumia wa kwake na wa mkewe. Kuku walikuja kuchunguza, wakafukuzwa. Walipokaza uzi wa mwisho upande wake mpya, Kalondu akaketi mbele ya mumewe na kuanza ule wimbo aliompigia mwalimu.

Haukuwapo. Vidole vilikwenda mahali wimbo ulipokuwa ukikaa siku zote, vikakuta umehama. Akajaribu tena. Zikatoka kelele tupu.

"Aiya! Nimeipoteza!"

"Haijapotea. Ngoja."

Ndunda akaanza kuuimba. Sauti yake ilikwaruza, na upande mmoja wa mdomo ulichelewa kidogo, lakini alijua kusubiri. Aliimba neno moja akanyamaza mpaka Kalondu alipolipata kwenye nyuzi, kisha akaimba la pili. Mara moja alimsimamisha.

"Umeruka hapo. Rudi nyuma."

"Wewe ni mkali kushinda mwalimu."

"Rudi nyuma, nimesema."

Akarudi. Jua lilikuwa limehamia upande wa pili wa paa alipoupata ubeti wa kwanza, ukiwa na makwazo yake, lakini wima. Akauanza tena bila kuambiwa. Ndunda akanyamaza, akamwachia wimbo.