Kalamu ya Kula

Fahali aliyechinjwa na Mzee Machibya alipohamia Buhongwa hakuwa fahali wa kuchezea. Harufu ya nyama yake ilivuka ziwa mpaka Kamanga, watu wa kule wakapanda kivuko wakifuata pua, bila hata kuuliza kinakwenda wapi. Walikula siku tatu. Tangu hapo njia ipitayo mlangoni kwake ikaitwa ya Karamu, ingawa Wasukuma wenzake, na yeye mwenyewe akiwemo, waliitamka jinsi ulimi ulivyokubali: Kalamu.

Balaa likaja na vibao vya mitaa. Aliyeandika aliandika alichosikia: BARABARA YA KALAMU. Wageni wakikisoma, macho yao yaliruka nyumba ya Machibya yakatua ya jirani, kwa Mwalimu Rutashobya, Mhaya mstaafu mwenye miwani na kabati zima la vitabu. "Kumbe wamemuenzi mwalimu!" Na mwalimu hakukana. Kila asubuhi alikifuta kibao vumbi kwa leso yake.

Wivu ulimkaa Machibya kooni kama mwiba wa sato. Fahali wake, kuni zake, halafu sifa apewe mtu ambaye siku ile alimaliza maini peke yake!

Akafunga safari mpaka ofisi ya mtaa, kwa mtendaji, Evelina, binti wa Kisukuma kutoka Magu.

"Shikamoo, babu."

"Malahaba. Kibao chetu mmekikosea. Siyo Kalamu. Ni Kalamu."

"Ndiyo, babu. Kalamu."

"Siyo ya kuandikia, mwanangu! Ya kula!"

Evelina akaitazama kalamu yake, akaisogeza mbali na mzee. "Kalamu ya kula?"

"Ya nyama! Na ugali! Watu wanakaa chini wanashiba!"

"Ahaa! Kalamu ile ya shelehe!" Evelina akacheka mpaka machozi. "Basi tutabadilisha, babu. Niletee tu mkazi wa zamani aliyekuwepo, aje athibitishe."

Machibya alinywea. Wakazi wote waliokula walishahama au kufa. Alibaki mmoja tu, yule mla maini.

Alirudi anaburuta miguu, akijifunza njiani namna ya kumbembeleza adui. Alimkuta mwalimu kibarazani, simu sikioni, anamwelekeza mgeni.

"Ukishuka Buhongwa, urizia Barabara ya Karamu. Ka-ra-mu! Ndiyo, wameiita hivyo kwa ajiri yangu."

Machibya akaganda getini. Ulimi wa Kihaya ulikuwa umeichukua ile kalamu ya kibaoni, ukaifanya karamu safi, yenye mchuzi. Mwalimu alidhani anajisifu, kumbe alikuwa anamtangaza fahali! Na kibao kikirekebishwa, je, mwalimu atakitaja tena? Thubutu!

"Vipi, Ngosha, una shida?" mwalimu akamuuliza kwa jina waitwalo wanaume wa Kisukuma, amefunika simu kwa kiganja.

"Sina, Mwalimu. Hebu mludie huyo mgeni, labda hajakusikia."

"Karamu!" mwalimu akapaza sauti, kuku wakaruka. "Barabara ya Karamu!"

Machibya akaenda kwake ametulia kama mtu aliyetoka mezani. Alipofunga mlango akajaribu mwenyewe, polepole, midomo ameichongoa. "Kalamu." Akajaribu tena. "Kalamu." Akasonya. Na ulimi wa kuitamka nao, wamempa yule yule!