Kiganja cha Seth

Mwikali aliweka kiganja chake juu ya kibao, akakiondoa, akakiweka tena. Kibao kilikuwa cha mvule. Mashine ilikuwa imechonga juu yake mkono wa mtoto, vidole vitano vimetanuka, na chini yake jina: Seth.

"Huu si wake," alisema. "Wake ulikuwa unafika hapa." Akaonyesha pingili ya juu ya kidole chake cha kati.

Kahindi, mchoraji wa mabango mwenye kiduka chake Mji wa Kale, alikuwa na wateja wawili wakimsubiri mlangoni. Angechukua rula akapima, mambo yangeishia pale pale. Hakupima. Alikuwa na hakika na kazi yake, na hakika ya namna hiyo huziba masikio.

"Mama Seth," alimwambia kwa upole, "mchoro ni ule ule, sikuugusa. Mwaka unakaribia kutimia, na majonzi humchanganya mtu. Pengine umesahau kidogo."

Mwikali alimtazama. Kisha akakifunga kibao ndani ya leso, akashukuru, akaenda zake Majengo. Upole ule ndio uliokuwa mbaya. Lau angemfokea, mama yule angebishana naye.

Mkono wenyewe aliuchora Seth kwa penseli katika shule ya Jumapili, akizungusha vidole vyake juu ya karatasi, wiki mbili kabla homa haijamchukua. Alikuwa na miaka minane. Kahindi aliipitisha karatasi ile kwenye skana kwa ajili ya ratiba ya mazishi, akaufuatisha mkono kwa mistari kwenye kompyuta, kipimo kile kile. Karatasi ikarudi kwa mama, na mama akaitia ndani ya jeneza, chini ya mkono wa mwanawe. Kwenye ratiba mkono ulichapwa mdogo, kwa hiyo wa kipimo chake ulibaki duniani kwenye faili moja tu, ndani ya kompyuta kuukuu ya Kahindi. Ulipokaribia mwaka, Mwikali aliomba kibao kwa ajili ya ibada ya kumbukumbu, na Kahindi akalituma faili Bondeni kwa Kamaludin, mwenye mashine ya kuchonga mbao.

Mafundi hawa wawili walikuwa na mazoea yao. Faili lilitumwa kwa simu, kipimo kikatajwa kwa mdomo: bango la futi sita, kibao cha mlango cha inchi kumi. Kamaludin aliuvuta mchoro ukafika kipimo alichotajiwa, basi. Ila mkono wa mtoto nani angeutajia futi? Kahindi alidhani mchoro unaujua ukubwa wake wenyewe.

Siku ya tisa tangu Mwikali aondoke na kibao, Kahindi alikwenda Bondeni kuchukua beji za wahudumu wa hoteli. Safari hii alikuwa amesahau kutaja kipimo.

"Yakhe, hizi ulizitaka inchi ngapi?" Kamaludin alimuuliza.

"Nne."

Kamaludin akaweka rula. Zilikuwa tatu.

Walikaa kitako wakatafuta, wakaona. Kompyuta ya Kahindi huhesabu nukta sabini na mbili katika inchi moja, na ile mpya ya Kamaludin huhesabu tisini na sita. Faili lilibeba idadi ya nukta peke yake, halikusema nukta moja ina upana gani. Kila kilichovuka kutoka huku kwenda kule kilipungua robo.

"Kumbe twaibiwa mchana kweupe!" Kamaludin akacheka. Kahindi naye akaanza kucheka, kisha akaacha. Robo. Mkono wa mtoto wa miaka minane ulikuwa umegeuka wa mtoto anayejifunza kutembea, na yeye alikuwa amemwambia mamake kuwa amesahau. Aliona haya mpaka akashindwa kumtazama mwenziwe usoni.

Kibao kipya kilichongwa mchana ule ule. Kahindi alikipima mara tatu, akaenda Majengo kwa miguu. Alimkuta Mwikali barazani akichambua maharage.

"Mama Seth, nimekukosea. Kompyuta zetu mbili hazihesabu sawa, mkono ukapungua. Wewe ulikuwa unakumbuka vizuri. Mimi ndiye niliyesema ovyo."

Mwikali alikipokea kibao, akakilaza mapajani.

"Siku tisa, Kahindi," alisema. "Nilijiuliza, kama nimesahau mkono wake, basi ni lipi jingine ninalojitungia tu? Nikaacha kumtaja. Niliogopa nisije nikamsemea mtoto wangu uongo."

Mwikali akamsogezea kigoda.

"Kaa. Mimi nitasema, wewe utaitikia, 'Kweli.' Sitaki kingine kwako."

Kahindi akakaa.

"Alikuwa halali mpaka afunikwe miguu, hata kwenye joto la Februari."

Kahindi hakuwahi kumwona Seth akiwa hai hata siku moja. "Kweli, mama."

"Mkate alianza kula ganda. Ile sehemu laini ya ndani akiniachia mimi."

"Kweli."

"Alikuwa akinicheka nikiimba."

Kahindi alikitazama kibao. Mama akangoja, maharage yamejaa kiganjani.

"Kweli."