Kadi Thelathini na Saba za Pole

Gundi ilipikwa jikoni Jumatano kwa unga wa ngano wenye wadudu, ikamiminwa kwenye ndoo iliyowahi kubeba dagaa, na kufikia Ijumaa mchana ilikuwa na harufu ya kujitegemea. Hilaria aliikoroga kwa rula huku amebana pumzi. Miaka mitatu ya bweni ilikuwa imemkutanisha na uozo wa kila aina, kuanzia soksi za viranja hadi maharage ya Jumapili yaliyopakuliwa Jumanne. Lakini uozo huo wote ulitokea kwa bahati mbaya. Huu wa leo ulikuwa na ratiba, kamati na mwenyekiti.

Mwenyekiti alikuwa Yuditha, kiranja wa taaluma, msichana aliyezaliwa akiwa na miaka arobaini.

"Pakeni nyembamba, jamani," alisema, akipita kati ya madawati. "Zikilowa Madam atatumaliza. Na unga wa kumetameta uende kwenye majina tu, msiumwage ovyo."

Wiki iliyotangulia mvua kubwa ilinyesha upande wa Handeni, na korongo moja ambalo watu walikuwa wamezoea kulivuka wakavu lilishusha maji kwa ghafla. Watoto watatu wa boma moja la Wamasai walikuwa wakirudi kutoka shule ya msingi. Maji yaliwachukua wote watatu. Aliyekuwa mdogo kuliko wote, wa darasa la pili, alikuwa mdogo wake Namnyaki, na Namnyaki alisoma kidato cha tatu hapo hapo, shule ya wasichana nje kidogo ya mji wa Korogwe. Alilala kitanda cha chini, Hilaria cha juu. Baba yake alikuja kumchukua Jumatatu. Alisimama getini na fimbo yake, akakataa kiti, akakataa soda. Namnyaki alitoka amebeba begi, na Hilaria alipopanda kitandani jioni aliona nguo zote za rafiki yake bado zimekunjwa pale pale. Begi lilikuwa tupu.

Siku ya pili mkuu wa shule, Madam Evodia, aliitisha mstari akatangaza kwamba shule haiwezi kukaa kimya. Kila msichana wa kidato cha tatu angetengeneza kadi ya pole kwa mikono yake. Kila kadi ingekuwa na majina matatu ya marehemu, makubwa, yenye kumetameta, ili familia ione kwamba watoto wao hawajasahaulika. Jumamosi darasa zima lingekwenda kuzikabidhi, na kila mmoja angesoma yake kwa sauti mbele ya wafiwa. Kadi bora ingepata zawadi ya soda na maandazi.

"Mshindi wa pili anapata nini?" Hilaria alinong'ona. "Sanda?"

Waliomsikia walicheka. Yeye mwenyewe alishangaa kuona hakucheka.

Sasa, wasichana wa bweni wanajua kutengeneza kadi ya aina moja tu, ile ya kuwatakia heri kidato cha nne kabla ya mtihani wa taifa. Huitengeneza kila mwaka, na mkono ukishazoea haumsubiri mwenye nao afikiri. Upendo alichora kitabu kilichofunguliwa, kalamu na jua linalochomoza, kisha akaandika: *Tunawatakia kila la heri katika msiba wenu.* Rukaya, kwa hati nzuri ya mlazo: *Msiogope, mmejiandaa vya kutosha.* Mwingine aliwaombea wafiwa ufaulu mwema katika kipindi hiki kigumu. Mwingine alibandika ua la plastiki alilolitoa kwenye kibanio cha nywele, nywele mbili zikiwa bado zimo. Wawili waligombana mpaka machozi kwa sababu mmoja alimwibia mwenzake wazo la njiwa, na machozi hayo yalikuwa ya kwanza kumwagika tangu habari za msiba zifike.

Siku nyingine Hilaria angekula utani huo mwezi mzima. Alikitafuta kicheko, akakuta kichefuchefu.

Na hayo yote yalikuwa madogo. Kubwa lilikuwa majina.

Mwaka uliopita bibi yake Namnyaki alipofariki, Hilaria aliinama kutoka kitanda cha juu akauliza bibi aliitwa nani.

"Kwetu mtu akishakufa hatajwi tena jina," Namnyaki alisema.

"Hata kwenye maombi?"

"Popote. Kuna mama jirani alikuwa na jina hilo hilo. Wamembadilishia. Sasa anaitwa jina lingine."

"Na mtu akisahau akalitaja?"

"Ni kama amemrudisha bibi ili afe tena mbele ya watu wake."

Basi Hilaria alinawa mikono mara mbili, gundi ikakataa kutoka, akaenda ofisini hivyo hivyo. Madam Evodia alikuwa anakunjua bango jipya. Jina la shule lilichukua nusu ya bango. Neno POLE lilikuwa chini, pembeni, kama mtu aliyechelewa kufika.

"Shikamoo, Madam."

"Marahaba. Umevunja nini?"

"Sijavunja kitu, Madam. Ni hizi kadi. Wamasai hawataji jina la aliyekufa. Namnyaki aliniambia mwenyewe. Tukienda kuyasoma yale majina pale, mbele ya mama yake..."

Madam aliinua mkono. "Hilaria. Nani aliwaambia kidato cha kwanza kwamba muuguzi anapima homa kwa kunusa viatu?"

"Ni mimi, Madam."

"Watoto arobaini walipanga foleni pekupeku, viatu mkononi. Na yule mgeni kutoka wilayani, nani alimnong'oneza kwamba mimi ni kiziwi?"

"Ni mimi, Madam."

"Akanipigia kelele saa nzima. Nikajua ndiyo sauti yake, na mimi nikamjibu kwa kelele. Leo unataka nipeleke kadi ya msiba isiyo na jina la marehemu, nichekwe tena."

"Ule ulikuwa utani, Madam. Huu si utani. Mpigie simu baba yake, muulize."

"Nimsumbue mfiwa kwa maswali? Huna haya?" Akarudi kwenye bango lake. "Rudi kwenye kamati."

Hilaria alirudi. Kwa muda wa miaka mitatu alikuwa amechezea uongo kama mpira, na siku aliyoshika ukweli hakupata wa kumpasia. Alikaa mbele ya karatasi yake ya manila mpaka kengele ikalia. Haikuandikwa kitu. Alipokusanya kadi kwa niaba ya kamati, aliziingiza kwenye boksi la sabuni na kumwambia Yuditha zimetimia thelathini na nane. Zilikuwa thelathini na saba.

Jioni yake kulikuwa na mazoezi ya huzuni. Waliyafanyia bwaloni. Madam alitaka wasimame safu mbili, kadi kifuani, nyuso zikiwa zimepooza lakini zinaonekana vizuri kwenye picha.

"Upendo, hiyo ni sura ya usingizi. Nataka ya msiba. Rukaya, vizuri, ila funga mdomo."

Hilaria aliambiwa sura yake imezidi, apunguze. Hakuwa ameigiza.

Jumamosi asubuhi Kosta ya kukodi iliwachukua. Walipita lami hadi karibu na Handeni, kisha wakaingia barabara ya vumbi ambayo mvua ilikuwa imeitafuna. Boksi lilikuwa mapajani mwa Hilaria. Kwenye joto lile gundi iliamka upya, na Rukaya akafungua dirisha huku akiuliza nani amekanyaga nini. Hilaria alilipima dirisha lile na upana wa boksi. Yuditha, aliyekaa karibu naye, aliweka mkono juu ya boksi, na hakuuondoa mpaka walipofika.

Baba yake Namnyaki aliwapokea nje ya boma pamoja na wazee wawili. Wasichana waliinamisha vichwa, kwa sababu Namnyaki alishawafundisha shuleni kwamba kwao mtoto humwinamia mzee, naye humgusa kichwani. Baba yake Namnyaki alipita akiweka kiganja juu ya kila kichwa. Wote walikuwa na unga wa kumetameta kwenye nywele. Alipofika mwisho alikitazama kiganja chake kinachong'aa kama cha bwana harusi, akakifuta taratibu kwenye shuka, kikabaki kinang'aa.

Ndani, wanawake walikaa chini ukutani. Mama yake Namnyaki alikuwa katikati, na Hilaria hakumtambua mara moja. Siku za kutembelea wanafunzi mama huyo hufika amevaa shanga shingoni, masikioni, mikononi, unamsikia kabla hujamwona. Leo alikuwa amevua zote. Shingo ilikuwa tupu, masikio matupu, na hata akigeuka hakusikika. Hilaria alilitazama boksi la kadi mikononi mwake, jinsi zilivyomeremeta, akaona aibu ya kutaka kulificha chini ya sketi.

Halafu likaja jambo ambalo hakuwa amelifikiria siku zote hizo. Nani hapa atazisoma? Mama hakujua kusoma. Baba alijua namba za simu na alama za ng'ombe. Waliokuwa wakijua kusoma katika boma lile walikuwa watoto wanne. Watatu kati yao ndio walioandikwa kwenye kadi. Aliyebaki alikuwa amekaa kando ya mama yake, amejifunika kanga hadi masikioni, anawatazama wenzake wa darasa kama watu aliowahi kuwasikia tu.

"Kamati ianze," Madam alisema, simu ikiwa tayari imeinuliwa kupiga picha. "Hilaria, chukua ya juu. Kwa sauti."

Hilaria alisimama. Kadi ya juu ilikuwa ya Upendo, yenye jua na kitabu.

"Sisi wanafunzi wa kidato cha tatu," alisoma, "tunawapa pole nyingi kwa kuondokewa na watoto wenu..."

Akanyamaza.

"Endelea," Madam alinong'ona. "Majina."

Namnyaki alikuwa ameinua uso. Alikuwa ameelewa. Mkono wake uliushika mkono wa mama yake, na mama, ambaye hakujua kinachokuja, aliendelea kusikiliza kwa adabu.

"Siyataji, Madam."

"Hilaria!"

"Siyataji." Akamgeukia baba yake Namnyaki, sauti ikimtetemeka kwa namna ambayo bwaloni haikuwahi kutokea. "Baba, naomba msamaha. Kadi hizi zina majina ya watoto. Yote matatu, kila kadi. Na wote tuliokuja tumeambiwa tuyasome hapa."

Mzee alimtazama Hilaria, akamtazama Madam na simu yake, akalitazama boksi la sabuni. Kisha akaipokea kadi mkononi mwa Hilaria, akairudisha ndani, akalichukua boksi mwenyewe kwa mikono miwili na kulifunga.

"Ahsanteni sana, wanangu," alisema kwa Kiswahili cha taratibu. "Lakini mwalimu, utusamehe. Kwetu mgeni akileta kitu, hakifunguliwi yeye akiwepo. Ni heshima. Mmefika, imetosha. Chai ipo."

Hilaria alikuwa amekuja boma lile likizo mbili. Alileta sukari, ikafunguliwa machoni pake. Alileta biskuti, zikaisha kabla hajakaa. Aliutambua uongo, kama fundi anavyotambua kazi ya fundi mwenzake, na hakuwa amewahi kuona ulioshonwa vizuri kiasi kile.

"Mila nzuri mno!" Madam alisema, uso ukimrudia rangi. Akaomba apige picha na boksi. Alipiga saba, katika mbili akiwa ameinamisha kichwa. Akipita karibu na Hilaria alimwambia bila kufungua meno, "Wewe, tutaonana Jumatatu. Uje na mzazi."

Wenzake walipokwenda kunywa chai, Hilaria alimkuta Namnyaki nyuma ya nyumba. Boksi lilikuwa miguuni pake, halijafunguliwa.

"Baba amesema niyatoe majina," Namnyaki alisema. "Karatasi za wageni hazitupwi. Lakini majina yasilale hapa."

"Uyatoe wewe?"

"Nani mwingine anasoma?"

Hilaria alikaa chini. Mfukoni alikuwa na mkasi wa kamati. "Geuka kule."

"Ni mengi."

"Nimesema geuka, wewe. Tazama mbuzi."

Namnyaki akageuka. Hilaria alifungua boksi, harufu ikampiga usoni, akaanza kukata. Gundi ilikuwa imelainika kwa joto na majina yaling'ang'ania mkasi, yakang'ang'ania vidole, mengine yalikatika nusu ikabidi ayatoe kwa kucha. Katika kadi moja jina la mtoto wa darasa la pili lilikuwa limekosewa, likafutwa kwa mate, likaandikwa upya juu ya doa. Alikata zote. Vipande alivishindilia kwenye mifuko ya sketi mpaka ikavimba, yenye unyevu, ikimnata mapajani.

"Utayapeleka wapi?" Namnyaki aliuliza, bado amempa mgongo. Kisha haraka, "Hapana. Usiniambie."

"Sikwambii."

"Kadi yako ni ipi?"

"Sikutengeneza."

Namnyaki alifikiri. "Afadhali," alisema.

Honi ya Kosta ililia. Madam Evodia alikuwa amehesabu wasichana mara mbili, na sasa sauti yake ilizunguka boma zima, ile ile aliyompigia mgeni wa wilayani.

"Hilaria! Hilaria Shemhilu! Hilaria!"

Hilaria hakuinuka. Namnyaki alimgeukia, akamwona alivyo, vidole vinang'aa, mifuko imetuna, pua imekunjamana kwa harufu.

"Itika," alimwambia. "Wewe bado unaitwa."

Hilaria akaitika.