Punda wa Rohit Yumo Kwenye Fungu

Mama Rohit alitoka ndani, akainama kwenye sikio la binti yake Disha, akamwambia kwa Kigujarati kwamba kaka yake anamuulizia punda wake, na gari linaondoka saa kumi. Kisha akarudi ndani kufunga masanduku. Disha alibaki pale kibarazani akikwepa macho ya wenzake, kwa sababu alikuwa ameshika karata tisa mkononi, ndio kwanza amezifunua, na mojawapo ilikuwa huyo huyo punda.

Sikia sasa ilivyokuwa. Hii ni Ngokolo, Shinyanga mjini, mwaka tisini na saba, Jumamosi mchana. Karata zenyewe si hizi za kopa na shupaza. Ni zile za mazimwi na majoka, kila moja na picha yake na nguvu yake, mjomba wao alileta boksi zima kutoka Leicester, Uingereza. Huko, mjomba alisema, wanakaa watu wanane na kila mtu anafungua pakiti mpya. Ngokolo watu wanane wa kucheza hivyo utawatoa wapi, na pakiti mpya je? Ndipo Rohit akatunga mchezo wa wanne. Karata zote zinachanganywa kwenye kopo la biskuti, mnagawana mafungu ya tisa tisa. Unachagua moja kwenye fungu lako, zilizobaki unampa wa kushoto, na wa kulia anakupa zake. Hivyo hivyo mpaka ziishe, mnagawa tena, halafu kila mtu anapigana kwa alizochagua.

Uzuri wa wanne, Rohit alikuwa anasema, ni kwamba fungu linarudi. Likishapita kwa wenzio watatu linakurudia, na bado lina karata tano. Mkiwa wengi haliwahi kurudi na kitu. Kwa hiyo unaweza kuiacha karata unayoitaka, ukamwomba Mungu wenzio wasiitake.

Kwa nini uiache? Kwa sababu ya dau. Karata ya kwanza unayochagua kwenye kila mgao unaiweka wazi mbele yako, na atakayekufunga anaibeba. Hizo za baadaye unazificha, ni zako, hakuna wa kukugusa.

Na siku hiyo Disha alipangiwa kupigana na Fahim, na Fahim alikuwa hafungwi, ila mara moja tu.

Fahim ni mtoto wa mzee Badrudin wa vipuri. Mwaka uliopita Rohit alimfunga kwa kutumia punda, yule punda wa mizigo mwenye nguvu moja tu, karata ya kutupa. Kuanzia siku hiyo vijana wa mtaani wakamwita Fahim "Punda", mpaka muuza kashata akawa anamwita Punda. Fahim akaapa mbele ya watu kwamba akimpata yule mnyama atamchana vipande vipande. Tangu hapo yeye na Rohit hawasemeshani, anakuja tu kucheza.

Baadaye Rohit akaugua. Moyo wake una tundu, daktari alisema apelekwe Bombay, na akihangaika midomo inageuka bluu. Punda alikuwa analala chini ya mto wake. Asubuhi hiyo mama yake alivyotoa mashuka, akamweka juu ya kopo. Disha, kichwa chake kiko kwenye safari, akakusanya kila alichokiona akachanganya.

Na Rohit alishasema, kwa utani, lakini mama yao hakuuchukulia utani, kwamba bila punda hapandi gari.

Kuomba? Mbele ya Fahim? Kuweka dau ili Fahim ambebe? Disha akachomoa zimwi la maji, akaliweka wazi. Punda akamwacha pale pale mwisho wa fungu, asimwangalie tena. Akampa fungu aliyekaa kushoto kwake huku akiangalia juu, kwenye bati la kibaraza, kama mtu anayehesabu misumari.

Wa kushoto alikuwa Thobias, kijana wa Didia anayechimba dhahabu huko Runzewe, mpwa wa jirani yao. Akirudi kupumzika ndio alikuwa anashika nafasi ya Rohit, ingawa karata zote hajazijua. Akachagua upesi, akasogeza fungu kwa Wema, mwanafunzi mwenzake Disha. Wema alichelewa, Wema siku zote anachelewa. Halafu Fahim. Disha akavikodolea macho vidole vyake. Fahim akachomoa moja, hakucheka.

Fungu likarudi. Karata tano. Akazipitia mara mbili. Punda hayupo.

Ndani ilisikika sauti ya sanduku linaburutwa. Mgao wa pili nao ukaisha, wakaanza kupigana, Disha na Fahim, Thobias na Wema, na Disha hata hakuona anavyofungwa. Zimwi la maji likaenda kwa Fahim. Kila Fahim alipofunua karata Disha alitegemea kumuona mnyama, hakumuona. Nje baba yake Disha akawasha pikapu.

Mara Wema akaanza kucheka. Alimuuliza Thobias kama amechoka kuishi, maana ndio kwanza amemtoa punda wa mizigo apigane na joka.

"Kwani huyu hana nguvu?" Thobias akauliza.

"Ana moja, kaka. Hata kuku anamshinda."

Thobias akamgeukia Disha, amekasirika kabisa. "Sasa we mbona ulimkwepa kwa macho? Kwenye duara, huko machimboni, tukitoa mawe shimoni tukagawana viroba, mtu anayejua chenye dhahabu ndio hakiangalii. Anaangalia juu. Nikasema huyu mtoto kaficha mali, nikachomoa ile ya mwisho uliyoikwepa."

Fahim akainuka. Akamchukua punda pale chini, akamgeuza, akaiona kona iliyotafunwa. Rohit alikuwa anatafuna kona akiwaza.

"Huyu ni wa Rohit."

Hapo Disha akayamwaga yote: kopo, mto, kwamba kaka yake hapandi gari bila huyo punda, na akihangaika moyo hauwezi. Aliongea akiangalia mikono ya Fahim. Mikono miwili, karata katikati. Nje honi ikalia.

Fahim akauliza, polepole, "Na hukuniomba kwa sababu ulijua nitachana?"

"Uliapa."

Akamrudishia Thobias karata, akamwambia ampe Disha. Thobias akakataa, na alikuwa haringi. Cha mgao hakitolewi bure, alisema, ukikitoa umetoa na bahati yako, na Jumatatu anarudi shimoni, hataki kushuka chini mikono mitupu. Abadilishiwe na kitu, kitu chochote cha maana.

Fahim akatazama dau lake mwenyewe, joka jekundu, hakuna karata inayolifikia Shinyanga nzima. Akalisukuma kwa mguu mpaka kwa Thobias. "Shika, halafu ninyamazie."

Disha alikimbia. Rohit alikuwa ameshakaa kiti cha mbele kati ya mito, mama yake anamfuta jasho na kumbembeleza. Akampokea punda, akamgeuza, akaangalia kona, akamtia kwenye mfuko wa shati.

"Alimchukua nani?"

"Thobias. Ya pili kuchaguliwa."

"Ya pili? Akaacha nini?"

"Mwanga wa radi, ile kali."

Rohit akacheka, wiki nzima alikuwa hajacheka, mpaka mama yake akamwekea mkono kifuani na kumwomba anyamaze. Midomo ilikuwa imeanza ile rangi ya bluu. Fahim alikuwa amesimama dirishani mwa gari.

"Thobias akirudi shimoni mkabaki watatu, fungu linarudi haraka," Rohit akamwambia, pumzi fupi fupi. "Mtajuana kila kitu. Haunogi."

"Hatubaki watatu, wewe Punda. Fungu lako tutaligawa. Zamu yako ikifika tunafunua ya juu, hiyo umechagua."

"Mtanichagulia ovyo."

"Siku zote ndio unavyochagua."

Pikapu ikatoka, ikakata kona ya barabara ya Mwanza. Hakuna aliyepunga mkono, walikuwa wanasikiliza injini mpaka ikapotea.

Wakarudi kibarazani. Thobias akagawa, akaweka na fungu la tano pale penye mto mtupu aliokuwa anauegemea Rohit. Kila mtu akachagua. Disha akanyoosha mkono afunue ya Rohit, akausimamisha juu ya karata. Hakutaka kujua ni ipi.

"Funua," Fahim akasema. "Ni zamu yake."